Santuri ya baba ya mwaka 1969: ni The Supremes wanaoimba, au tulidanganywa?

"Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini Kilindini. Ameacha santuri kama 40, na iliyokuwa roho yake ni moja ndogo ya Diana Ross and the Supremes, 'No Matter What Sign You Are'. Kwenye karatasi yake ameandika kwa penseli: 'Kwa gazeti: mimi Mizani, yeye Mapacha. Upepo na upepo.' Nilikua nikisikia kwamba babu mzaa mama aliikataa posa ya baba mara ya kwanza, kwa kuwa maalimu alipiga hesabu akasema nyota ya baba ni ya moto na ya mama ni ya maji, hawatakaa. Waliozana 1971, wakakaa miaka 43 mpaka mauti yalipomchukua baba. Sasa binti yangu anaolewa, na nataka wimbo huu upigwe siku ya arusi mama akiwepo. Kaka yangu ananiambia nisijisumbue: amesoma kuwa wale wasichana hawakuimba humo, sauti ni za watu wengine, na baba alidanganywa maisha yake yote. Mume wangu anasema wimbo wa nyota ni wimbo wa uganga. Shangazi naye anataka nyota za binti na mchumba wake zipigwe hesabu kwanza. Na santuri yenyewe upande wa wimbo huo umejaa mikwaruzo na ukungu pembeni, ingawa upande wa pili unang'aa kama mpya. Kaka ana haki? Na niipige vipi bila kuimaliza?"

Dada yangu, Mungu amrehemu baba, na hongera kwa arusi.

Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nimeisoma barua yako mara tatu na naona linalokuuma ni moja. Kitu alichokipenda baba yako, alichokiandikia kwa mkono wake, huenda kilikuwa cha uongo. Nitaanza na hilo, na nitalikalia kwa muda, kwa sababu kaka yako amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza.

Kweli yenyewe ni hii. Anayeongoza wimbo ni Diana Ross, hapo hapana shaka yoyote. Sauti za kike zinazomwitikia si za Mary Wilson na Cindy Birdsong, ambao mwaka 1969 ndio waliokuwa The Supremes pamoja naye. Ni za kundi lingine la wanawake watatu, The Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Wala haikuwa kwa wimbo huu tu. Tangu 1968 nyimbo nyingi zilizotolewa kama santuri ndogo kwa jina la kundi hilo ziliitikiwa na The Andantes, pamoja na "Love Child" iliyoshika namba moja Marekani mwaka huo. Hata "Someday We'll Be Together", ambayo watu wengi huililia kama wimbo wa kuagana wa The Supremes, waitikiaji wake ni ndugu wawili, Julia na Maxine Waters, na ile sauti ya kiume inayomtia moyo Diana ni ya Johnny Bristol, mtayarishaji.

Ili uelewe imekuwaje, inabidi uijue nyumba zilimotoka nyimbo hizo. Motown, kampuni iliyozitoa santuri zao, ilianza 1959 katika nyumba ya kawaida ya kuishi, namba 2648 West Grand Boulevard, Detroit. Mwenyewe, Berry Gordy, alikuwa amewahi kufanya kazi kiwandani kwenye mstari wa kuunganisha magari, na mtaji wake wa kwanza ulikuwa dola 800 alizokopa kwenye mfuko wa akiba wa familia yao. Alichokiona kiwandani alikihamishia kwenye muziki: kila mtu na kazi yake, na wimbo unapita mkono kwa mkono mpaka unatoka mlangoni umekamilika. Kulikuwa na watunzi, kulikuwa na wanamuziki wa nyumbani walioitwa The Funk Brothers, na kulikuwa na wanawake wa kuitikia waliokuwepo kila siku.

Sasa fikiria jinsi bendi zetu za miaka ile zilivyorekodi. Mnaingia nyote chumbani, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, redio inawasha mashine, mnapiga mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, mnaanza upya wote. Katika rekodi ya namna hiyo, jina lililoandikwa na watu waliokuwamo chumbani ni kitu kimoja, na sisi tuliolelewa na sauti hizo tunadhani santuri zote duniani zilifanywa hivyo. Detroit walikuwa wameshaachana na utaratibu huo. Katikati ya miaka ya 60 studio ya Motown ilikuwa na mashine ya mkanda yenye njia nane. Maana yake ni kwamba besi na ngoma zinaweza kurekodiwa Jumatatu, fidla Jumatano, mwimbaji kiongozi akaja wiki inayofuata, na waitikiaji wakaingia siku nyingine kabisa wakiimba kwa kusikiliza kile kilichokwisha wekwa. Hawahitaji kuonana.

Mkanda wa namna hiyo ukishakuwepo, na waimbaji wenyewe wakawa safarini usiku na mchana, kishawishi kinakuja chenyewe. The Supremes mwaka 1969 walikuwa leo Las Vegas, kesho New York, keshokutwa kwenye televisheni. The Andantes walikuwa palepale Detroit. Walikuwa na masikio makali, waliweza kupanga sauti tatu kwa dakika chache, na hawakuchelewa. Juu ya hayo, Gordy alikuwa anamwandaa Diana aende peke yake. Jina la kundi lilikuwa limeshabadilishwa mwaka 1967 likaanza na jina lake, mwaka uleule ambao Florence Ballard, mmoja wa walioliunda kundi tangu walipokuwa wasichana wa Detroit, aliondolewa na Cindy akaingia. Mtu akikuandaa uondoke, haoni sababu ya kuwasubiri wenzako wafike ndipo arekodi.

Kwa hiyo kulikuwa na udanganyifu? Kwa maoni yangu, ndiyo, lakini haukumlenga baba yako kama kaka anavyofikiri. Walioonewa ni wanawake watano. Jackie, Marlene na Louvain waliimba kwenye nyimbo ambazo dunia nzima ilizijua, na majina yao hayakuandikwa popote. Mary na Cindy walisimama kwenye picha za jalada wakisifiwa kwa kazi waliyonyimwa nafasi ya kuifanya, na hilo Mary hakulificha alipoandika kumbukumbu zake miaka ya 80. Hata wapigaji wa The Funk Brothers, akiwemo James Jamerson ambaye besi yake ndiyo mwendo wa nyingi za nyimbo hizo, majina yao hayakuchapwa kwenye albamu ya Motown mpaka 1971, ilipotoka "What's Going On" ya Marvin Gaye. Mimi jambo hili linanichoma kwa miaka mingi sasa, na kila ninapopata nafasi nayataja majina ya Jackie, Marlene na Louvain kwa sauti, maana kutajwa ndiyo haki ndogo tunayoweza kuwarudishia.

Baba yako alichokisikia kilikuwa kweli. Diana ni kweli, zile sauti tatu ni kweli, na koo zilizozitoa ni za wanawake wenye ustadi wa hali ya juu. Kibandiko cha katikati ya santuri ndicho kilichosema uongo. Sikiliza tena kwa makini, ikibidi kwa vipokea sauti vya masikioni. Sauti ya Diana ni nyembamba, iko karibu sana na wewe, kama mtu anayekunong'oneza akiwa na kicheko. Waitikiaji ni laini na wazito zaidi, wamekolea pamoja kama kwaya iliyozoeana kwa miaka, na ile ya juu kabisa inayopaa bila kutetemeka ni ya Louvain Demps. Ukishamjua, hutamwacha tena. Utamsikia kwenye nyimbo nyingine za Motown ambazo umezisikia tangu utotoni bila kujua ni yeye.

Na kama baba alikuwa mpenzi wa Mary Wilson hasa, kama walivyokuwa wengi, sauti yake haikupotea. Tafuta katika hizo santuri 40 zile za 1964 na 1965, "Where Did Our Love Go", "Baby Love", "Come See About Me". Humo Mary na Florence wanaitikia wenyewe. Diana alipoondoka, baada ya onyesho la mwisho la pamoja katika hoteli ya Frontier, Las Vegas, tarehe 14 Januari 1970, Jean Terrell akashika nafasi ya mbele, na "Up the Ladder to the Roof" ya mwaka huo ina Mary na Cindy ndani yake. Mwishoni mwa 1971 Mary anashika uongozi pamoja na Jean kwenye "Floy Joy". Ukimpigia mama mojawapo ya hizo, utakuwa umempa sauti na jina vikiwa pamoja.

Nije kwenye nyota.

Wimbo wenu ulitoka Mei 1969, na haukutoka bila sababu. Majira yale yale The 5th Dimension walikuwa wamekaa namba moja Marekani wiki sita na "Aquarius/Let the Sunshine In", wimbo uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani "Hair". Vijana wa Marekani walikuwa wanaulizana nyota kabla hata ya kuulizana jina. Berry Gordy aliona soko. Akakaa na Henry Cosby, mpiga saksofoni na mtayarishaji aliyekuwa akiandika na Stevie Wonder, wakautunga huu. Nami nikupe hukumu yangu wazi: si kazi kubwa ya The Supremes. Unachangamka, unakimbia, lakini unasikika kama ulitungwa kwa haraka ili uwahi treni ya wengine. Ulifika namba 31, ambayo kwa kundi lililokwisha kushika namba moja mara 11 ni kama kukosa harusi ukaambulia pilau la sufuria. Watunzi wao wakubwa, Holland, Dozier na Holland, walikuwa wameshaondoka Motown, na pengo lilionekana.

Lakini wimbo dhaifu kwenye chati unaweza kuwa mkubwa ndani ya nyumba moja, na huu naona ulikuwa mkubwa ndani ya nyumba yenu kwa sababu ya maneno yake. Mume wako ana hofu kwamba ni wimbo wa uganga. Jina lake lenyewe linamjibu: haidhuru nyota yako ni ipi. Mwimbaji anazitaja nyota akizipita moja baada ya nyingine, anamwambia mwanamume kwamba hata awe amezaliwa chini ya ipi, atakuwa wake. Hatabirii mtu, hampangii mtu siku njema ya kusafiri. Kuhusu hukumu ya kidini ya muziki wenyewe mimi si mtu wa kukujibu, mwulize imamu wenu. Ninachoweza kukuthibitishia ni maana ya maneno, na maneno yanazidharau nyota huku yakizitumia kama pambo.

Sasa rudi kwenye maandishi ya penseli. Nadhani yanaeleza jambo ambalo pengine mama yako hakuwahi kulieleza. Kuna hesabu mbili za nyota zilizogongana katika posa ile, na baba yako alizijua zote mbili.

Ya maalimu ni hesabu ya majina. Pwani yetu yote, Lamu mpaka Kilwa na visiwani, inajulikana: unachukua jina la mtu na jina la mama yake kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina namba yake ya abjadi, unajumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo buruji yake, yaani nyota yake kati ya zile kumi na mbili. Mfano, kijana anaitwa Ali, mama yake Fatuma. Ali ni ayn 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Fatuma ukiandika na alifu yake ni 80, 1, 9, 40 na 5, jumla 135. Zote pamoja 245. Ukitoa kumi na mbili mara 20 zinabaki 5, na buruji ya tano ni Asadi, yaani Simba, nyota ya moto. Sasa mwandishi mwingine aiache ile alifu moja. Jumla inakuwa 244, zinabaki 4, na kijana yuleyule amekuwa Saratani, Kaa, nyota ya maji. Alifu moja imemtoa motoni ikamtia majini. Na bado herufi ya mwisho ya Fatuma kuna wanaoihesabu 5 na wanaoihesabu 400.

Ya gazeti ni hesabu ya tarehe ya kuzaliwa. Hiyo haijali unaitwa nani wala mama yako ni nani, inaangalia jua lilikuwa upande gani wa mbingu siku uliyozaliwa. Ndiyo iliyokuja kwenye magazeti ya Kizungu, baadaye ikaingia kwenye magazeti yetu ya Kiswahili, na mtu kama Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 2011, alizifanya nyota kuwa mazungumzo ya kila kibaraza. Kwa hesabu hii baba yako ni Mizani na mama ni Mapacha, na zote mbili ni nyota za upepo. Upepo na upepo hawagombani. Ndicho alichokiandika. Kijana aliyekataliwa kwa hesabu moja alikwenda akatafuta hesabu nyingine iliyomkubali, akaiandika kwenye karatasi ya wimbo unaosema hesabu zote si kitu.

Na hata hiyo ya gazeti haikai sawasawa na mbingu yenyewe. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya mtoto inayopunguza mwendo, na duara moja la kuyumba huko huchukua karibu miaka 26,000. Kalenda ya nyota ilipangwa zamani sana, miaka 2,000 na zaidi, na tangu hapo makundi ya nyota yamesogea karibu buruji nzima. Diana Ross alizaliwa 26 Machi 1944, gazeti linamwita Hamali, yaani Kondoo, lakini ukitazama mbingu halisi siku hiyo jua lilikuwa kwenye Samaki. Ukiwapeleka wazazi wako kwa mbingu halisi, baba anaangukia Mashuke na mama anaangukia Ng'ombe, zote mbili za udongo. Moto na maji, upepo na upepo, udongo na udongo: majibu matatu kwa watu wawili walewale, nao wakakaa miaka 43.

Mwambie shangazi hivyo kwa heshima, usimvunjie. Yeye anatafuta uhakika kwa mtoto anayempenda, na uhakika huo haupo kwenye jumla ya herufi. Kama bado ana wasiwasi juu ya ndoa yenyewe, mkalisheni na imamu atakayefungisha, au na mzee wa upande wa pili, uso kwa uso, wamuulize mchumba yale ya kuulizwa: kazi, madeni, tabia, watu wake. Na kama mnataka hesabu moja ya kweli kabla ya nikaha, nendeni hospitali na hao vijana wapimwe damu kujua kama wamebeba kinasaba cha ugonjwa wa seli mundu. Hapa pwani ni jambo la kawaida, na wawili wakiwa wameibeba wote ni vizuri wajue mapema waongee na daktari. Hapo nimetoka nje ya kazi yangu, lakini nisingelala bila kukuambia.

Sasa santuri.

Kwanza itazame kibandiko. Kama ni cha bluu chenye ramani na nyota nyekundu ikionyesha ilipo Detroit, hiyo imepigwa Marekani, na tundu lake la katikati litakuwa kubwa, kwa hiyo utahitaji kile kipande cha plastiki cha kujazia tundu ndipo ikae kwenye mashine. Kama kibandiko ni cheusi kimeandikwa Tamla Motown, imetoka Uingereza. Kwa bandari ya Kilindini zote mbili zinawezekana, mabaharia walileta vyote. Ndiyo mwaka uleule, nikumbushe, ambao ng'ambo ya mpaka Dar es Salaam mamlaka za mkoa zilipiga marufuku muziki wa soul mwezi Novemba, kwa hiyo kijana wa Mombasa mwenye santuri kama hii alikuwa na kitu ambacho wenzake wa kusini walikisikiliza kwa kujificha. Ukiuliza thamani ya sokoni, ni ndogo, maana zilichapwa nyingi na yako imechoka. Asikushawishi mtu kuiuza wala kukutoza pesa kwa kukutajia bei kubwa.

Ile karatasi yenye penseli itoe leo. Usiifute, usiipanguse hata kwa kitambaa kikavu, kwa sababu penseli ya miaka hamsini hutoka na vumbi. Ipige picha kwenye mwanga wa dirisha, halafu itie kwenye bahasha yake peke yake, mbali na santuri, kwani ukungu wa kimoja utahamia kingine. Santuri nayo itafutie karatasi mpya safi.

Ukungu usiuondolee ndani ya chumba cha kulala. Toka uani, funika pua na mdomo. Chukua maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri (si asidi yake) au ya dukani yasiyo na chumvi, tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Kinga kibandiko kisilowe, unaweza kukifunika kwa kiganja au kifuniko cha kopo. Pangusa kwa kufuata mistari, ukizunguka, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, isimamishe ikauke kivulini. Spiriti usiguse. Santuri za zamani zaidi za shelaki, zile nzito zinazovunjika, zinaharibika kabisa kwa spiriti, na kama baba aliacha hizo ndani ya zile 40, siku utakapochanganya kitambaa utalia. Ikiwa imepinda, usiianike juani wala usiipige pasi, nimeona watu wakifanya yote mawili.

Jambo linaloua santuri kuliko ukungu ni sindano. Mashine iliyokaa kabatini miaka kumi ina sindano iliyolika au iliyokauka mpira wake, nayo hulima mistari kama jembe. Santuri ndogo nyingi za Marekani za miaka hiyo zilitengenezwa kwa plastiki ya stairini, ambayo ni ngumu na inavunjika kirahisi, na sindano mbaya inaila mara chache tu ikasikika kama mvua juu ya bati. Na asikudanganye mtu kuweka shilingi juu ya mkono wa mashine ili isiruke. Hapa ndipo nakuomba usijaribu peke yako. Mtafute fundi wa redio na gramafoni wa zamani, Mombasa bado wapo, mpelekee mashine kwanza bila santuri, abadilishe sindano na apime uzito wa mkono, mashine nyingi nzuri zinataka kama gramu 2. Mwulize kama anaweza kunasa sauti kwenye kompyuta. Kama santuri ina ufa, hata mdogo kama unywele unaoanzia ukingoni, usiipige kabisa mpaka aione yeye.

Mpango wangu kwako ni huu: ipigwe mara moja tu, safi, kwa sindano mpya, inaswe, na siku ya arusi ukumbini ipigwe ile nakala kwenye spika. Mikwaruzo itasikika, na ingekuwa mimi singeisafisha kwa programu. Kila mkwaruzo hapo ni mkono wa baba yako akiiweka sindano.

Umeandika jambo moja ambalo huenda hukuliona uzito wake: upande mmoja umechakaa, upande wa pili unang'aa. Upande wa pili una wimbo unaoitwa "The Young Folks", ambao Jackson 5 walikuja kuurudia mwaka uliofuata kwenye upande wa pili wa "ABC". Ni mzuri, na wengine, nami nikiwemo, tunaupenda kuliko ule wa mbele. Lakini santuri haisemi uongo juu ya mwenye nyumba. Kwa miaka yote hiyo baba aliigeuza upande mmoja tu.

Kabla ya siku ya arusi, kaa na mama sebuleni mkiwa wawili, mwekee nakala hiyo kwa sauti ya chini, mpe na ile bahasha. Mwulize ni lini alipigiwa mara ya kwanza, kabla ya babu kukubali au baada. Ukishapata jibu niandikie, nami nitalihifadhi.